Kompyuta ya Shangazi Haikulala Usiku

Kwa miaka mingi shangazi yangu alikuwa na tabia moja iliyokuwa inanikera. Nasema kunikera kweli, si utani. Niko Dodoma, nimechelewa kazini, natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, simu inalia. Ujumbe. “Leo vaa sweta.” Basi, hakuna salamu wala habari za huko. Siku nyingine: “Jua kali leo, kunywa maji.” Mimi mtu mzima, nimeshapita thelathini na tano, nina mvi tatu ninazozijua moja moja, naambiwa kunywa maji na mtu aliyeko Bweranyange, huko Karagwe, anayeniona mara moja kwa mwaka! Nilikuwa namjibu “Sawa shangazi”, halafu narudi kutafuta kiatu.

Ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, baba akawa mtu wa safari zisizoisha, na dada yake akaja siku moja na baiskeli, akafunga sanduku langu nyuma, akanipandisha juu ya sanduku, akaikokota hadi kwake. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, mbuzi wawili wakorofi, na kazi ya ukarani katika shule moja ya sekondari ya kutwa upande wa Rugera, ambayo jina lake nitalihifadhi. Alikuwa anachapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia, na watu wote walilijua hilo. Mtu akifariki, kabla hata jeneza halijapatikana, watoto wa marehemu wanafika kwa shangazi: tuandikie wasifu. Anawauliza maswali, anachapa, na siku ya mazishi anausoma mwenyewe kando ya kaburi, kwa sauti, bila kuruka kitu. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, na kazi aliiachaje. Hapo kwenye kuacha kazi watu husikiliza kwa makini sana, nawajua watu wa kwetu.

Ukutani kwake palikuwa na saa ya mishale, na saa hiyo ilikuwa na mambo yake. Ikiwa saa moja asubuhi, mshale mfupi ulikuwa kwenye moja, si kwenye saba kama saa za watu wengine. Aliigeuza mwenyewe siku aliyoinunua. “Saa moja ni moja,” alikuwa anasema. “Kwa nini niangalie saba halafu niseme moja? Nani kanilazimisha?” Mimi nilijifunza kusoma saa kwenye hiyo. Nilipofika darasa la nne, mwalimu akachora saa ubaoni, nikajibu kwa kujiamini kabisa, na darasa zima likanicheka mpaka nikalia. Niliporudi nyumbani nilipanda juu ya kigoda nikairekebisha. Shangazi alinipiga kofi moja la mgongo, la kuniamsha tu, akairudisha alivyoiweka. Ipo hadi leo.

Sasa kazi yangu. Nachunguza kompyuta na simu zenye kesi: mtu kaiba siri za ofisi, mtu katukana mtu mtandaoni, mtu anasema si mimi. Ninachokichimba zaidi ni kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao. Watu wanafuta historia wanadhani wamemaliza. Thubutu! Kivinjari kina tabia za jirani mmbea. Kinaandika ulifungua ukurasa gani na dakika ngapi, kinahifadhi picha na vipande vya kurasa ili visipakuliwe upya, kinatunza vidakuzi, yaani zile alama ndogo ambazo tovuti inakuachia ili ikukumbuke ukirudi. Nimekaa na kazi hii miaka kumi na mbili, na nilikuwa nadhani nimeshaona kila kitu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ule wa upepo wa Dodoma unaoingia mpaka kwenye meno, nilikaa wiki mbili bila kuambiwa nivae sweta. Aibu yangu ni kwamba sikugundua. Niligundua siku nilipopata mafua, nikaona kuna kitu kimepungua katika asubuhi zangu, nikampigia.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mbona kimya hivyo?”

“Kompyuta wamenichukulia,” akasema.

Nikaona jibu halihusiani na swali. Nikauliza nani kachukua, na ndipo yakamwagika yote. Shule yao na shule nyingine kadhaa za Karagwe na Kyerwa zilikuwa zinatunga pamoja mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Kabla siku ya mtihani haijafika, maswali yakakutwa Murongo, kule mpakani na Uganda, wanafunzi wa shule nyingine wameyanakili kwa mkono kwenye daftari. Mtihani ulikuwa umechapwa na shangazi, kwenye kompyuta ya ofisi yake. Walimu wawili wakaifungua hiyo kompyuta, wakaangalia historia ya kivinjari, wakakuta kwamba Alhamisi moja, saa 9:10, mtihani ulitumwa kwa barua pepe ya shule kwenda anwani isiyojulikana ni ya nani. Nywila ya barua pepe hiyo imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa karatasi, kila mtu anaijua. Lakini saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Alhamisi ile mkuu wa shule alikuwa kwenye kikao Kayanga, walimu wote walikuwa madarasani, na ofisini alikuwemo mtu mmoja tu.

“Na si hilo tu,” akasema shangazi, sauti imeshuka. “Wanasema naingia ofisini usiku wa manane. Kila siku. Kompyuta imeandika saa nane usiku, saa tisa, saa kumi. Mimi! Mimi ninayewafungia kuku saa kumi na mbili na nisitoke tena hata mbuzi akilia!”

Walikuwa wamemsimamisha kazi. Bodi ya shule ilikuwa inakaa Jumatatu inayofuata kuamua, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya kazi haya. Akasema kitu ambacho nilikisikia njia nzima kwenye basi siku ya pili yake: “Mwanangu, mimi nimesoma wasifu wa watu wote hawa. Wangu utasomwaje? Hapo kwenye kazi watasema nini?”

Nilifika nikamkuta amekonda. Alinipa kahawa za kutafuna kwanza, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, kama mgeni anavyopewa, halafu matoke na maharage, na yeye akakaa kuniangalia nikila bila kugusa sahani yake. Jumapili mbili alikuwa hajaenda kanisani. Shangazi, mzee wa kanisa, mwenye kiti chake anachokijua kila mtu, amejifungia ndani akipukuchua maharage. Nilikasirika mpaka nikasukuma sahani pembeni. Nilitaka niende nikawatukane wote, mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo.

Sikuwatukana. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa shule na nikaanza kwa kusema ukweli: kazi yangu ndiyo hii, lakini mshitakiwa wenu ni mama yangu mlezi, kwa hiyo msiniamini. Nitachukua nakala ya diski mbele yenu, diski yenyewe mtaifungia kabatini na sahihi juu yake, na kila nitakachokiona nitakiandika kwa namna ambayo mtaalamu mwingine yeyote anaweza kukirudia na kunisuta. Mkuu wa shule ni mtu mtaratibu, anayeonekana amechoka hata akitoka likizo. Alinisikiliza, akaondoa miwani.

“Ndugu wa mtu,” akasema. “Hapa kwetu nani si ndugu wa mtu? Keti ufanye kazi.”

Nikaketi. Jambo la kwanza nililoliona likanipandisha hasira upya, maana wale walimu wawili walikuwa wamefungua kivinjari chenyewe na kupekua humo humo, na kila walipogusa waliongeza alama zao juu ya za zamani. Ni sawa na kutafuta nyayo za mwizi kwenye tope huku mmevaa viatu. Lakini yale ya Alhamisi yalikuwa hayajaharibika. Nilikuta kweli 9:10. Nilikuta kweli kurasa za saa nane usiku, saa tisa usiku, saa kumi na moja alfajiri, kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki.

Nilikaa na orodha ile mpaka chai ya saa nne ikapita. Kulikuwa na kitu kinanisumbua na sikijui. Kisha nikakiona, nikajishangaa. Hapakuwa na alasiri. Katika wiki zote zile, baada ya saa tano ya asubuhi, hakuna mtu aliyefungua hata ukurasa mmoja. Kompyuta ya ofisi ya shule, yenye walimu kumi na sita wanaopigania kuangalia matokeo ya mpira, ilikuwa hailali usiku na mchana wote imekufa. Nani ana ofisi ya namna hiyo?

Saa ya kompyuta ndiyo inayokipa kivinjari muda wa kuandika. Saa ikidanganya, kivinjari nacho kinadanganya kwa uaminifu kabisa. Kwa hiyo unahitaji saa ya mtu mwingine, na ipo. Tovuti yoyote inapokutumia ukurasa, huupiga muhuri wa muda wa kwake, na kivinjari hutunza muhuri huo pamoja na kile kipande cha ukurasa kilichohifadhiwa. Unachukua muda iliouandika kompyuta, unachukua muda wa tovuti, unavilinganisha. Lakini nilihitaji ukurasa mmoja uliofunguliwa kila siku, ili nisije nikaambiwa nimeokota siku inayonifaa.

Ulikuwepo. Kila siku, ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya barua pepe, kabla ya kitu chochote cha shule. Siku nyingine 2:05, siku nyingine 2:12, siku nyingine 2:20. Nikaufungua nione ni ukurasa gani.

Hali ya hewa, Dodoma, leo.

Niliinuka nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jiko la shule, penye kuni, na nikalia kama mtoto. Mpishi akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia moshi.

Kila siku ya Mungu. Anafika ofisini, anafungua mlango, anaangalia huko niliko kama kuna jua au upepo, ndipo anaanza kazi ya mwajiri wake. Na mimi nilikuwa namjibu “Sawa shangazi” kwa mkono mmoja. Na nilipomuuliza mbona kimya, alinijibu sawasawa: kompyuta wamenichukulia.

Nikanawa uso, nikarudi. Alhamisi ile kompyuta iliandika kwamba hali ya hewa ya Dodoma ilifunguliwa saa 2:12, usiku. Tovuti iliandika 8:10, asubuhi. Jumatano tofauti yao ilikuwa saa sita na dakika nne. Ijumaa saa tano na dakika hamsini na saba. Jumatatu sita kamili. Siku zote zinazunguka sita, lakini dakika hazifanani. Mashine ikikosea hukosea vilevile kila siku. Hizi dakika zinazoyumba ni za mkono wa mtu, mtu anayeiwekea kompyuta saa kila asubuhi kwa kukadiria. Nikaangalia kumbukumbu za mfumo wa kompyuta, na kweli, kila inapowashwa inaanza na tarehe ya zamani sana, halafu mtu anaibadilisha mara moja tu, na haiguswi tena mpaka inazimwa. Betri ndogo ya ndani, ile ya duara inayoiwezesha kukumbuka saa ikizimwa, ilikuwa imekufa.

Saa sita. Nikaanza kucheka peke yangu mbele ya mkuu wa shule. Nilikuwa nimeiona akilini ile saa ya ukutani, na mimi juu ya kigoda.

Jumamosi na Jumapili nilikaa na shangazi kibanjani tukipunguza machipukizi ya migomba, na sikumwambia chochote. Ilinitesa. Aliniuliza mara tatu, nikamjibu kwamba nikimweleza watasema nimemfundisha. “Haya,” akasema, na kila aliponigeukia nikaona macho yake yananisoma. Jumapili kanisani hakwenda. Niliketi peke yangu, na kiti chake kilikuwa kitupu, watu wanakipita.

Jumatatu bodi ilikaa: watu saba, na mwenyekiti wao mzee mmoja aliyekuwa bwana shamba zamani, mkali lakini wa haki. Shangazi alikuja na gauni lake la mazishi, jeusi lenye kola nyeupe. Nilimwambia asivae hilo. Akasema ndilo alilonalo la heshima.

Niliomba kitu kimoja tu. Kompyuta ya ofisi iwekwe mezani, ndani yake niweke diski ya nakala, na shangazi aiwashe na kufanya kama anavyofanya kila asubuhi, mbele ya wote, bila mtu kumwelekeza. Mwenyekiti akakubali. Shangazi akaniangalia kama niliyemsaliti, akaketi, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa kamba, akawasha.

Kompyuta ikalalamika kidogo. Tarehe ikaja ya miaka iliyopita.

“Hii hupoteza saa,” akawaeleza, sauti ya kiofisi. “Usipoiwekea saa, mtandao haufunguki, inakwambia si salama. Fundi alizima ile ya kujirekebisha yenyewe, akasema inasumbua. Kwa hiyo naweka mwenyewe.” Akaandika tarehe ya siku ile. Kisha akainua kichwa. “Waitu, jamani, sasa ni saa ngapi?”

Mwenyekiti akavuta mkono wa koti. “Saa nne na dakika tano, mama.”

“Asante.” Na vidole vyake, bila kuangalia, vikaandika 4:05.

Hakuna aliyeshituka. Watu saba wenye akili zao, walimu wawili waliompeleleza wamesimama nyuma, wote wanaangalia kioo, na hakuna aliyeona kitu. Nikangoja kidogo, maana nakiri nilikuwa nafurahia.

“Mzee,” nikamwambia mwenyekiti, “hapo kwenye kioo pameandikwa saa ngapi?”

“Saa nne na dakika tano.”

“Ni sahihi?”

“Sahihi kabisa.”

“Naomba uangalie saa yako ya mkononi tena. Mshale mfupi uko kwenye ngapi?”

Akaangalia. “Kwenye kumi,” akasema. Akaangalia kioo. Akaangalia mkono. “Kumi... Mawe, mama yangu!”

Ukumbi ukalipuka. Mkuu wa shule alishika kichwa kwa mikono miwili. “Mimi naiangalia saa ile kila siku ya kazi,” akasema, “kila siku, nikipita kuchukua barua, na sijawahi kuona kosa!” Na angelionaje? Ilikuwa inasema kile anachokisema yeye mwenyewe, na mke wake, na kila mtu kuanzia Rugera mpaka Murongo. Ni kompyuta tu iliyokuwa haijui, ikaandika 2:12 na kuamini kuwa ni usiku.

Nikawaonyesha karatasi zangu: ile kompyuta ilikuwa nyuma kwa saa sita, siku zote, na Alhamisi ile pia. Kumbe usiku wote wa manane ulikuwa asubuhi ya kazi. Na 9:10 ilikuwa saa tisa na dakika kumi, alasiri.

Mwenyekiti akainama mbele. “Alhamisi ile alasiri tulikuwa kwenye mazishi,” akasema polepole. Mwalimu mstaafu mmoja alizikwa siku ile, na siku ya mazishi kwetu jembe halishikwi, watu wote huenda. Shule ilitoa walimu wote isipokuwa wa zamu. “Mvua ilikuwa inanyesha. Saa tisa mama huyu alikuwa amesimama kaburini anasoma wasifu. Kurasa nne! Mimi ndiye niliyemshikia mwavuli, mkono ukaniuma siku mbili.” Akamgeukia shangazi. “Mama, nilikushikia mwavuli, na tukakuandikia barua ile ya kukusimamisha kazi.”

Wengine walikuwa bado wanacheka, na shangazi alikuwa amevua miwani na kuishika mapajani, midomo imekaza. Nikajua anachokifikiria, na nikatamani ardhi inimeze. Karani hodari wa miaka yote hiyo, vidole kumi bila kuangalia, na amekuwa akiweka saa vibaya mbele ya kila mtu.

“Kwa hiyo kamba nilijifunga mwenyewe,” akasema.

“Tumekosea wote, mama,” akasema mkuu wa shule.

Hapo akawaka. “Wote? Betri ya duara, ndogo kama kifungo cha shati, nimeiomba mara ngapi? Nimekuandikia barua ngapi? Nizilete? Ninazo nakala zake zote!” Mkuu wa shule akaangalia viatu vyake, na mimi moyo ukatulia, maana shangazi wangu alikuwa amerudi.

Mwenyekiti akauliza nani alikuwa mwalimu wa zamu Alhamisi ile. Kabla mtu hajajibu, mwalimu wa taaluma, aliyekaa karibu na mlango, akasimama. Ni kijana mwenye familia yake Murongo, huenda huko kila Ijumaa kwa bodaboda. Akasema ni yeye. Printa ya shule haikuwa na wino, akautuma mtihani kwenye anwani yake ya zamani ili akauchape nyumbani mwishoni mwa wiki, kwenye duka la kuchapia pale mpakani, na faili akalisahau kwenye kompyuta ya duka. Hakuuza kitu. Alipomwona shangazi anashitakiwa kwa saa tatu asubuhi, alichanganyikiwa, akajiambia labda kuna mtu mwingine naye aliutuma, labda si wa kwake uliovuja. Kadiri siku zilivyopita ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Shangazi alimgeukia. Ofisini kwake ndiko chai ya walimu inakochemshiwa, na ni yeye anayeichemsha.

“Siku zile zote kabla hawajanifukuza,” akasema, “umekuja kunywa chai yangu. Na sukari ukaongeza.”

Yule mwalimu akalia. Bodi ilimpa adhabu yake, sitaieleza, na hakupoteza kazi. Mmoja wa waliomwombea ni shangazi, ila alimwambia mbele ya watu kwamba maziwa ya chai ya mwezi mzima yatakuwa juu yake.

Tulipokuwa tunainuka mwenyekiti akanirudia, karatasi zangu mkononi. “Huu ukurasa wa kila asubuhi, uliolinganishia saa. Ni wa kitu gani? Hapa hukuandika.”

Kweli sikuandika. Nilikuwa nimeandika “ukurasa wa kwanza wa siku”, na ripoti yangu ingeweza kukosolewa kwa hilo. Nikafungua mdomo nimweleze.

“Hali ya hewa ya Dodoma,” akasema shangazi, akikunja kamba ya miwani. “Huyu hajui kuvaa.”

Wakacheka tena wote, na mimi nikacheka nao huku machozi yananitoka, na sikumwambia mtu kwamba ni moshi.

Jioni ile, bado kuna mwanga, tulikaa mlangoni tukitafuna kahawa. Juu yetu ile saa ya ukutani ilikuwa inasema kumi na moja, na ilikuwa kumi na moja. Nikamwambia pole kwa kumwaibisha mbele za watu. Akatema ganda.

“Wasifu wangu utauandika wewe,” akasema. “Hapo kwenye kazi weka: alikuwa karani, aliacha kazi kwa kustaafu. Na habari ya saa uiweke yote, usiruke. Watu wacheke. Mazishi ya kununa tu mimi siyapendi.”

“Shangazi, tuache habari za mazishi.”

“Andika mapema, wewe unachelewa kila kitu.”

Nilirudi Dodoma siku ya tatu yake, baada ya kuweka betri mpya kwenye kompyuta na kuiwekea saa kama inavyotaka yenyewe. Shangazi alisimama nyuma yangu muda wote akiniangalia kwa dharau. Asubuhi ya kwanza ya kurudishwa kwake kazini, saa mbili na dakika kumi na mbili, simu yangu ikalia. “Kompyuta inasema nane, mimi nasema mbili. Leo upepo. Vaa sweta.”

Nilikuwa nimeshaivaa. Nikaivua, nikaivaa tena, kisha nikampigia simu.